Shajara ya mradi: watoto walipe wakiwa nje, kadi zao zisikae kwetu

Jumatatu

Tumeanza rasmi. Mradi wenyewe ni huu, kuna duka hapa Dar linauza vyakula vya mwezi kwa wazee, yaani unga, mchele, maharage, sukari, mafuta ya kula na mtungi wa gesi ukitaka, wanakupelekea mpaka mlangoni Dar, Tanga na Moshi. Anayepokea ni mzazi, anayelipa ni mtoto aliyeko Uingereza, Marekani au Oman, na analipa kwa kadi maana huko aliko kadi ndo kila kitu. Sasa kila mwezi huyo mtoto inabidi aingie tena kwenye tovuti aandike tena zile namba zote, wengine wanafanya shifti za usiku wanasahau, inafika tarehe 5 mzee anapiga simu, "mwanangu mwezi huu vipi, mbona kimya?" Kwahiyo mwenye duka, ambaye wote tunamwita mama, anataka mteja aweke kadi mara moja tu na mwezi ukifika pesa ikatwe yenyewe.

Kabla sijafungua hata kompyuta nimemwambia mama kitu kimoja: sisi hatutahifadhi kadi ya mtu. Tutahifadhi ruhusa ya kukata. Kadi yenyewe itakaa kwa kampuni ya malipo ambayo hiyo ndo kazi yake na inakaguliwa kila mwaka kwa ajili hiyo. Mama akasema sawa mwanangu ilimradi pesa iingie. Mimi naliandika hapa kabisa kwa sababu najua mbele ya safari kutakuwa na siku ambayo njia ya mkato itaonekana nzuri.

Jumanne

Leo nimekaa na dada wa oda nione wanafanyaje kazi sasa hivi. Kumbe wateja wengi tovuti walishaikimbia zamani, wanapiga picha kadi wanatuma WhatsApp. Nimeonyeshwa moja, kadi iko juu ya kitambaa cha meza cha maua, picha ya kwanza mbele, ya pili nyuma, zile tarakimu tatu za nyuma zinasomeka vizuri kabisa, chini mteja wa Muscat ameandika "kata hapo mdogo wangu ukimaliza niambie". Halafu kuna daftari. Jina, namba ya kadi, tarehe ya kuisha, CVV (ndo zile tarakimu tatu za nyuma), vyote kwa kalamu ya bluu, mstari mmoja mteja mmoja, na daftari linakaa kwenye droo isiyo na kufuli.

Sisemi hili kumlaumu dada, yeye alikuwa anawasaidia watu wale kwa moyo na wao wanamwamini kama mdogo wao. Ila kanuni za PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa kadi zinazofuatwa dunia nzima, ambazo toleo la kwanza lilitoka Desemba 2004 na sasa tuko 4.0.1 la Juni 2024, hapa hazina mjadala: zile tarakimu tatu hazihifadhiwi baada ya muamala kupita, hata ukizifunga kwa usimbaji wa namna gani. Na sababu yake inaeleweka, zile tatu zipo ili kuthibitisha kwamba anayelipa ameishika kadi mkononi muda huo huo, ukishaziandika daftarini uthibitisho umekufa, yeyote mwenye daftari ni kama mwenye kadi.

Mama akauliza, "Lakini mwanangu hawa wamenitumia wenyewe, kwa hiari yao, kosa langu liko wapi?" Nikamwambia mama hiari ipo, ila siku simu ya dada ikiibiwa daladala benki haitauliza nani alituma kwa hiari, itauliza zimetokea wapi, na wateja wote jibu wanalo ni moja. Nikamwambia pia India walifika mahali wakawakataza kabisa wafanyabiashara kukaa na namba za kadi, kuanzia 1 Oktoba 2022 namba wanabaki nazo benki zilizotoa kadi na mitandao ya kadi tu, kila mwingine atumie tokeni, yaani namba mbadala inayosimama badala ya kadi. Na hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi 1 Mei 2023, kwahiyo duka linalokusanya taarifa za watu linatakiwa lijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na lijibu likiulizwa. Mama akanyamaza kidogo akasema basi futeni.

Jumatano

Kufuta si kufuta mazungumzo ya WhatsApp tu. Picha ya WhatsApp ikishafunguka inajihifadhi kwenye galari ya simu, galari inapanda Google yenyewe, kompyuta ya ofisini ina folda ya vilivyopakuliwa, na ndani ya folda kuna faili la ekseli mtu alilipa jina "wateja wa nje mpya". Tumepita sehemu moja moja, galari, kapu la takataka la galari (picha zinakaa humo wiki kadhaa kabla hazijaondoka kweli), akaunti ya Google, flashi, kompyuta. Daftari tumelichoma nyuma ya stoo, mama mwenyewe kasimama mpaka karatasi ya mwisho.

Lililotuchukua muda ni ujumbe kwa wateja. Kuna aliyesema tukae kimya tu maana hakuna kilichoibiwa. Mimi nimekataa na mama amekubaliana na mimi, mtu aliyekupa kadi yake ana haki ya kujua ilikaa wapi. Tumewaandikia hivi: "Ndugu mteja, picha na namba za kadi ulizotutumia tumezifuta zote. Hatukuona dalili ya mtu kuzitumia vibaya, ila kwa usalama wako angalia miamala yako na ukiona inafaa omba benki ikubadilishie kadi. Kuanzia sasa tafadhali usitutumie kadi kwa WhatsApp, hata tukikuomba. Anayekuomba si sisi." Ile sentensi ya mwisho ni ya dada wa oda na naona ndo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Ijumaa

Mchoro wa mfumo umekaa. Ukurasa wa malipo ni wetu ila visanduku vya namba ya kadi, tarehe na CVV vinakuja ndani ya ifremu ya kampuni ya malipo, yaani mteja anaona ukurasa mmoja lakini anachoandika kinatoka kwenye brauza yake kinaenda moja kwa moja kwao, seva yetu haikigusi. Wao wanaturudishia tokeni. Tokeni ni kama kile kikaratasi cha namba unachopewa ukiacha begi mlangoni supamaketi, ukikipeleka duka jingine hakikusaidii. Tokeni yetu bila ufunguo wa siri wa akaunti yetu haikati hata shilingi, na hata ukiwa nao inakata kuingia kwenye akaunti ya duka tu. Kwahiyo ulinzi wote umehamia kwenye ule ufunguo, na ufunguo hauwekwi kwenye kodi ya programu, hautumwi kwenye grupu, anaushika seva na watu wawili.

Kwenye jedwali letu tunabaki na vitu vichache: mteja ni nani, tokeni, aina ya kadi, tarakimu nne za mwisho, mwezi na mwaka wa kuisha, lini alitoa ruhusa, maneno ya ruhusa aliyosoma siku hiyo, na namba ya utambulisho ya muamala wa kwanza. Basi. Kwa mpangilio huu fomu ya PCI ya kujikagua inayotuhusu ni SAQ A, ile fupi. Ingekuwa namba zinapita kwenye seva yetu hata sekunde moja tungeangukia SAQ D yenye mamia ya masharti, na duka la watu wachache haliwezi kuyatimiza kwa ukweli, wataishia kuweka tiki tu.

Kitu kimoja nimekiulizia kabla mama hajasaini, na ningemshauri kila mtu akiulizie: siku tukitaka kuhama, mtatuhamishia kadi za wateja wetu kwenda kampuni nyingine yenye cheti cha PCI? Kampuni ya kwanza tuliyozungumza nayo ilizunguka zunguka bila jibu, ya pili ikasema ndiyo na utaratibu upo kwenye mkataba. Tumechukua ya pili ingawa makato yake yako juu kidogo. Bila hivyo siku ya kuhama unawaomba wateja wote waweke kadi upya, na wengi hawatarudi.

Jumatatu

Siku ya logi, yaani zile kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia wenyewe kila kinachotokea. Watu wengi wanalinda databesi halafu logi iko wazi. Kesi ya shirika la ndege la British Airways ya 2018 watu wanaikumbuka kwa ile skripti, yaani kijiprogramu cha wezi, iliyopandikizwa kwenye ukurasa wa malipo, lakini kamishna wa taarifa wa Uingereza alipowapiga faini ya pauni milioni 20 Oktoba 2020 lilitoka jambo jingine, kwamba kulikuwa na kipengele cha majaribio kilichosahaulika kimewashwa, kikawa kinaandika kadi za watu kwenye logi bila kufichwa, CVV ikiwemo, kuanzia Desemba 2015. Miaka hiyo yote hakuna aliyeangalia.

Kwahiyo sisi tumefanya hivi, kadi ya majaribio 4111 1111 1111 1111 tumeiandika kila mahali ambapo binadamu anaweza kuandika kitu, sio kwenye ifremu tu, mpaka kwenye jina, kwenye anwani, kwenye sehemu ya kutafuta na kwenye "maelezo ya oda", halafu tukaitafuta kwenye logi zote na kwenye nakala za akiba. Maelezo ya oda ndo palipovuja. Na hapo ndipo mteja wa kweli ataiandika, maana ameshazoea "kata hapo".

Sasa kila kisanduku cha maandishi kinakaguliwa kwa hesabu ya Luhn, jamaa wa IBM aliyepata hataza yake 1960. Ni rahisi, unaanzia kulia, kila tarakimu ya pili unaizidisha mara mbili, ikivuka 9 unatoa 9, unajumlisha zote na jumla lazima igawanyike kwa 10. Kwa hiyo 4111 hapo juu: ile 4 inakuwa 8, moja saba zinakuwa mbili mbili yaani 14, moja nane zilizobaki ni 8, jumla 30, imepita. Ila Luhn peke yake haitoshi maana katika namba zozote za kubahatisha moja kwenye kumi inapita. Namba za simu za kwetu ukianza na 255 zina tarakimu 12 hazitusumbui, tunatafuta kuanzia 13 mpaka 19. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina 20 na huwa inaandikwa na vistari, ukiwa unakata vipande vya 16 ndani yake utawakataa watu bure, kwahiyo tunatoa vistari na nafasi kwanza, tunahesabu namba nzima, ndo tunaikagua. Ikipita, oda haiendi na ujumbe unatoka: "Inaonekana umeandika namba ya kadi hapa. Tafadhali ifute, kadi inawekwa kwenye ukurasa wa malipo tu."

Jumanne

Kwenye ukurasa wa malipo nimeondoa kila skripti isiyohusika. Kibonyezo cha chati, kipimo cha matangazo, fonti ya kutoka nje, vyote nje. Masharti mapya ya PCI kuhusu skripti za ukurasa wa malipo yalianza kulazimishwa 31 Machi 2025, na kwa sisi wa SAQ A yalilegezwa kidogo, lakini bado unatakiwa uthibitishe kwamba tovuti yako haiwezi kushambuliwa kwa njia hiyo. Rahisi kuthibitisha ukiwa na skripti moja kuliko ukiwa na kumi na tano. Kijana wa matangazo hajafurahi. Nimemwelewa, ila ukurasa huu hapana.

Alhamisi

Ruhusa. Mama alitaka kile kisanduku cha "hifadhi kadi yangu" kije kimeshawekwa tiki maana watu wavivu. Tumebishana karibu asubuhi nzima kwa heshima zote. Hoja yangu ni kwamba mteja ambaye hakujua kama amekubali ndo huyo mwezi wa pili ataona makato ataipigia benki yake kuupinga muamala, pesa inarudi kwake, mzigo ulishaliwa Tanga, na juu yake duka linapigwa faini. Akikubali kwa kujua hatapinga. Mama kakubali kwa hoja ya mzigo ulioliwa.

Maneno yenyewe: "Ninaruhusu duka likate kadi yangu inayoishia na 1111 kila tarehe 1 ya mwezi kwa ajili ya mzigo niliouchagua. Bei ikibadilika nitajulishwa siku 5 kabla. Naweza kusitisha wakati wowote bila kupiga simu." Hili la bei tumeliweka kwa sababu bei za vyakula zinaruka, kila mtu anakumbuka sukari ilivyofanya mwanzoni mwa 2024. Na chini yake tumeandika kwamba tunakata kwa shilingi, benki yake ndo inageuza kwenda pauni au dola au riali, kwahiyo kiasi atakachokiona yeye kitapanda na kushuka hata kama bei yetu iko pale pale.

Kiufundi kuna miamala ya aina mbili na lazima useme ni ipi. Ya kwanza mteja yupo mbele ya skrini, benki yake inamtumia namba ya uthibitisho au inamwomba athibitishe kwenye simu. Zinazofuata hayupo, tunaanzisha sisi, na kila moja inabeba alama kwamba kadi hii ilihifadhiwa kwa ridhaa pamoja na ile namba ya muamala wa kwanza. Visa walianza kudai alama hizi Oktoba 2017 na Ulaya ndo zimekuwa uhai, maana sheria yao ya kumthibitisha mteja ilianza 14 Septemba 2019, Uingereza kwa manunuzi ya mtandaoni ikakaza 14 Machi 2022. Muamala wa mwezi wa pili usiokuwa na hiyo kumbukumbu benki ya London inauona kama mtu asiyejulikana anajaribu bahati, inakataa. Wateja wetu wengi ni wa huko kwahiyo hapa nimekuwa mkali, muamala wa kwanza haupiti bila uthibitisho hata kama benki ya mteja haijaudai.

Jumatatu

Kadi kugoma. Hii ndo sehemu niliyoifikiria kuliko zote, na ilipofika tumekaa wote, mama, dada wa oda na kijana wa upande wa brauza.

Majibu ya benki yanakuja kwa namba na si mamoja. 51 ni salio halitoshi, subiri. 54 kadi imeisha muda, kurudia rudia hakuna maana, mwombe kadi mpya. 41 imepotea na 43 imeibiwa, usiiguse tena kabisa. 05 ni benki imekataa bila kusema kwa nini, jaribu tena siku nyingine, ikigoma mwulize mteja. R0 na R1 mteja kaiambia benki yake isitulipe tena, hapo tunasimamisha hapo hapo. Visa wanaruhusu kurudia si zaidi ya mara 15 ndani ya siku 30 lakini sisi hatukaribii huko, tunarudia mara chache sana na kwa 51 tunasubiri karibu na siku za mishahara.

Sasa swali la dada: nani anaambiwa? Mfumo wa zamani ulikuwa unatuma meseji kwa namba mbili, ya mlipaji na ya mpokeaji. Dada akasema, "Kaka, mzee wa Moshi akipata meseji kwamba kadi ya mwanae imekataa kwa salio kutotosha, hatalala. Atauza mbuzi amtumie." Ni kweli kabisa. Tumeamua meseji ya kadi kugoma inaenda kwa mtoto peke yake, mzazi haambiwi chochote cha pesa, milele, na nimeandika jaribio kwenye kodi linalogoma mtu yeyote akijaribu kuunganisha namba ya mpokeaji kwenye ujumbe wa malipo. Halafu mama akaongeza lake, mteja aliyelipa vizuri mwanzoni kadi ikigoma mara ya kwanza mzigo unaenda, deni linahamia mwezi ujao. Nikauliza mama hasara je, akasema hiyo niachie mimi. Nimeliweka kama mpangilio yeye mwenyewe anaweza kuwasha na kuzima.

Jumatano

Kukata mara mbili. Tumejaribu kuzima intaneti katikati ya ombi, pesa imekatwa kule lakini jibu halijarudi kwetu, mfumo unadhani imeshindikana unarudia. Dawa ni kila ombi liwe na namba yake ya kipekee, sisi tunaitengeneza kwa mteja na mwezi, ombi likirudi na namba ile ile kampuni ya malipo inajibu "hili nilishalifanya" haikati tena. Ila kampuni nyingi hazikumbuki namba hizo daima, kwahiyo na kwenye databesi yetu tumeweka kizuizi, mteja mmoja mwezi mmoja malipo yaliyofanikiwa ni moja tu. Webhuku zao, yaani taarifa ambazo mfumo wao unautumia wetu wenyewe malipo yakipita au yakigoma, nazo zinaweza kuja mara mbili au kuja nyuma mbele, tunakagua saini kwanza ndo tunasoma.

Muda wa kukata tumeweka saa tisa alasiri ya Dar. Muscat ni saa kumi, London ni mchana saa sita au saba, New York asubuhi saa moja au mbili. Kwa miji hiyo hakuna anayeamshwa usiku na meseji ya benki kwamba pesa imetoka.

Ijumaa

Kitufe cha "ondoa kadi yangu" kinafanya kazi. Nimehakikisha kinafuta tokeni kule kwa kampuni ya malipo, maana kwenye mifumo mingi kinaficha tu kadi kwenye skrini wakati kule bado iko hai. Kadi inayokaribia kuisha muda mteja anapata barua pepe mwezi mmoja kabla, na kwa benki zinazoshiriki, mtandao wa kadi wenyewe unaleta tarehe mpya bila mteja kufanya kitu. Kwa Ulaya na Marekani itatusaidia sana.

Tumefungulia wateja wachache wa kwanza, wale dada wa oda anawajua kwa sauti. Makato ya tarehe 1 yamepita vizuri isipokuwa kadi moja 54, mteja akaweka mpya jioni hiyo hiyo. Kuna mwingine bado ametuma picha WhatsApp, dada kaifuta, kamjibu kwa ile sentensi yake.

Kilichobaki: kusajili duka kwenye Tume, kuwafundisha madereva wasipokee maswali ya kadi, na upande wa ndugu walioko hapa hapa nchini wanaotaka kuchangia mzigo wa mzazi. Hao wanatumia M-Pesa na Airtel Money, na huko hakuna cha kuhifadhi, kila mwezi ombi linamfikia kwenye simu anaweka namba ya siri mwenyewe. Jumatatu naanza na hilo, kugawa bili moja kati ya kadi ya London na simu ya Mwanza.